Taa za breki zinapogoma: namna ya kuichunguza na kuitengeneza swichi ya pedali

Leo tunakiangalia kifaa kimoja kilichofichika ndani ya gari, ambacho madereva wengi hawajapata kukiona kwa macho yao, nacho ni swichi ya pedali ya breki. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, na katika magari mengi bei yake ni nafuu ikilinganishwa na spea nyingine. Hata hivyo, kinapoharibika kinaweza kusababisha gari ligongwe kwa nyuma, betri imalizike usiku mmoja, gia igome kutoka mahali pake, au injini ikatae kuwaka. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na swichi hii ni mwiba wa namna hiyo.

Jambo linalotufanya tulizungumzie suala hili ni kwamba dalili za ubovu wa swichi hii hufanana mno na dalili za maradhi makubwa ya gari. Dereva anayebonyeza kitufe cha kuwashia gari lisiitikie hudhani kwamba starta imekufa. Yule ambaye mkono wa gia ya otomatiki umekwama kwenye herufi P hudhani giaboksi imevunjika. Na yule anayeamka kila asubuhi akakuta gari halina umeme hukimbilia kununua betri mpya, ambayo nayo humalizika baada ya usiku mmoja au miwili. Kwa hivyo, kumjua mhalifu wa kweli kabla ya kufungua mkoba ni jambo lenye manufaa kwa kila mwenye gari, awe Muscat, Dubai, London, Minneapolis au Mombasa.

Kazi ya swichi ya breki

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Dereva anapokanyaga breki, gari husimamishwa kwa nguvu ya mafuta ya breki yanayosukumwa kwenye mabomba hadi kwenye magurudumu. Swichi tunayoizungumzia haihusiki na nguvu hiyo. Kazi yake ni kutoa habari. Huyaambia magari yaliyo nyuma kwamba gari hili linapunguza mwendo, na katika magari ya kisasa huiambia pia kompyuta ya gari kwamba mguu wa dereva uko juu ya breki.

Hapo ndipo ilipo hatari yake. Swichi ikifa, breki zenyewe huendelea kushika kama kawaida, na dereva hahisi tofauti yoyote mguuni. Taa zilizozimika ziko nyuma yake, mahali asipopaona. Wa kwanza kuathirika ni dereva wa gari linalofuata, ambaye hana namna ya kujua kwamba gari la mbele linasimama mpaka aone umbali baina yao unapungua. Tukumbuke kwamba gari lendalo kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 28 kwa kila sekunde. Dereva wa nyuma akichelewa sekunde moja tu kutambua, mita 28 zimekwisha potea kabla hajaugusa mguu wake kwenye breki.

Ama kuhusu umbo lake, swichi iliyo ya kawaida zaidi hufungwa chini ya dashibodi, upande wa dereva, karibu na sehemu ya juu ya mkono wa pedali. Ina ncha ndogo inayoingia na kutoka kwa nguvu ya springi. Pedali ikiwa imepumzika, mkono wake huisukuma ncha hiyo ndani, na vibati viwili vya shaba vilivyomo ndani ya swichi hubaki vimeachana. Dereva anapokanyaga, mkono wa pedali huondoka, ncha huchomoza nje, vibati hukutana, na umeme wa volti 12 hupita kwenda kwenye taa. Kwa maneno mengine, ncha ikibonyezwa taa huzimika, na ikiachiwa taa huwaka. Msikilizaji na aliweke akilini jambo hili, kwani uchunguzi wote utakaofuata umejengwa juu yake.

Zipo pia aina nyingine. Katika baadhi ya magari ya zamani, kama vile Volkswagen Beetle, swichi hufungwa kwenye pampu kuu ya breki, na huwashwa na msukumo wa mafuta yenyewe. Katika baadhi ya magari mapya hakuna vibati vinavyogusana kabisa, bali kuna kihisio kinachotumia sumaku. Aidha, swichi nyingi za miaka ya karibuni zina nyaya nne au zaidi badala ya mbili, kwa sababu ndani yake mna njia mbili za umeme. Njia moja hufungika pedali inapokanyagwa, na nyingine hufunguka wakati huo huo. Kompyuta huzilinganisha habari hizo mbili, na zisipoafikiana huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi.

Dalili za ubovu

Dalili ya kwanza na iliyo wazi zaidi ni taa za breki kutowaka kabisa. Ya pili ni kinyume chake, yaani taa kuwaka muda wote hata gari likiwa limeegeshwa na kufungwa. Katika magari mengi taa za breki hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia fyuzi, bila ya kungoja ufunguo. Balbu ya kawaida ya breki hutumia wati 21. Balbu mbili ni wati 42, sawa na ampea tatu na nusu hivi kwenye umeme wa volti 12, bila ya kuihesabu taa ya tatu ya katikati. Betri ya gari dogo yenye uwezo wa ampea 45 kwa saa haitastahimili mzigo huo toka jioni hadi asubuhi na bado iwe na nguvu ya kuwasha injini.

Dalili ya tatu huonekana katika magari ya otomatiki. Magari hayo yamewekewa komeo linalozuia mkono wa gia kutoka kwenye P mpaka dereva akanyage breki. Kompyuta isipopata habari ya breki, komeo halifunguki. Ya nne inahusu magari yanayowashwa kwa kitufe, ambayo nayo huhitaji mguu uwe juu ya breki. Swichi ikiwa mbovu, taa za dashibodi zitawaka lakini injini haitazunguka. Ya tano ni ule mtambo wa kushikilia mwendo kwenye barabara kuu, ambao huenda ukakataa kufanya kazi, au, jambo lililo baya zaidi, ukakataa kujiondoa dereva anapokanyaga breki. Mwisho ni taa ya onyo ya mtambo wa kuzuia gari kuteleza, ambayo nayo hutegemea habari za swichi hii.

Hitilafu iliyowahi kuyarudisha mamilioni ya magari

Isidhaniwe kwamba hayo ni matatizo ya magari machakavu peke yake. Mwezi Aprili mwaka 2013, kampuni za Hyundai na Kia za Korea Kusini zilitangaza kuyaita tena gereji zaidi ya magari milioni 1.6 nchini Marekani kwa sababu ya swichi ya taa za breki. Ilielezwa kwamba swichi hiyo ingeweza kuzifanya taa zisiwake, kuizuia gia isitoke kwenye P, na kuuzuia mtambo wa kushikilia mwendo usijiondoe kwa breki.

Mapema mwaka 2019 ikawa zamu ya kampuni ya Subaru ya Japani, iliyoyaita tena takriban magari milioni 2.3 duniani kote, zaidi ya nusu yake yakiwa Marekani. Sababu iliyotolewa iliwashangaza wengi. Mvuke wa silikoni unaotoka katika baadhi ya bidhaa za usafi na vipodozi ungeweza kuingia ndani ya swichi na kujenga utando juu ya vibati, na umeme ukashindwa kupita. Funzo la kisa hicho ni kwamba kila kinachopulizwa ndani ya gari huenda mbali zaidi ya pale kilipokusudiwa.

Hata hivyo, swichi si lazima iwe yenye hatia kila mara. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyaita tena magari yapatayo milioni 2.4 nchini Marekani, yakiwemo ya aina ya Chevrolet Malibu, kwa tatizo la taa za breki ambalo asili yake ilikuwa kutu kwenye maungio ya nyaya za kompyuta inayosimamia umeme wa bodi. Dalili zilikuwa zile zile, lakini kubadilisha swichi peke yake kusingeleta nafuu. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia matengenezo.

Jambo la kwanza basi kwa mwenye gari ni kuuliza kama gari lake limo katika orodha ya magari yaliyoitwa. Nchini Marekani na Uingereza mtu anaweza kuulizia kupitia mitandao ya serikali, Marekani kwa namba ya chesisi na Uingereza kwa namba ya usajili au aina ya gari. Gari likiwamo, matengenezo hufanywa bila ya malipo. Wale walionunua magari yaliyotumika, yakiwemo yale yanayotoka Japani na kupitia Dubai kabla ya kufika Dar es Salaam au Mombasa, wanaweza kuipeleka namba ya chesisi kwa wakala wa kampuni husika.

Uchunguzi hatua kwa hatua

Kabla ya kuanza, gari liegeshwe mahali pa tambarare, breki ya mkono ipandishwe, na magurudumu yawekewe kigingi. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi, bisibisi, taa ya majaribio ambayo mafundi huiita testa, na ikiwezekana mita ya kupimia umeme.

Hatua ya kwanza ni kuzitazama taa zenyewe. Mwombe mtu akanyage pedali nawe usimame nyuma ya gari. Ukiwa peke yako, rudisha gari usiku karibu na ukuta na utazame mwanga mwekundu kwenye kioo. Ikiwa taa moja tu ndiyo iliyozimika na nyingine zinawaka, swichi haina kosa, kwa sababu taa zote hupata umeme kwake. Tafuta balbu iliyoungua, soketi yenye kutu, au waya uliokatika upande huo. Kadhalika, ikiwa taa ya tatu ya juu inawaka na zile mbili za chini hazikuwaka, mtuhumu ni balbu au nyaya za chini. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili ndani yake, moja ya wati 5 kwa ajili ya taa ya kawaida ya usiku na nyingine ya wati 21 kwa ajili ya breki. Kwa hivyo balbu kuwaka usiku si ushahidi kwamba uzi wake wa breki ni mzima.

Hatua ya pili, ikiwa taa zote zimezimika, ni fyuzi. Kitabu cha gari au mchoro ulio kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi utaonyesha ile ya taa za breki. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena, maana yake ni kwamba kuna waya unaogusa bodi mahali fulani, na dawa yake ni kuutafuta waya huo. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya sigara kama wafanyavyo wengine, ni kuualika moto ndani ya gari.

Hatua ya tatu ni kuinama chini ya usukani na kumulika kwa tochi. Kwanza tazama sakafuni, chini ya pedali. Je, kuna vipande vidogo vya plastiki au mpira vilivyovunjikavunjika? Vipande hivyo vina habari muhimu. Katika magari mengi ya Japani na Korea, mkono wa pedali una tundu, na ndani ya tundu hilo mmechomekwa kitufe cha mpira au plastiki. Kitufe hicho ndicho kinachoisukuma ncha ya swichi. Baada ya miaka mingi, na hasa katika nchi za joto kali kama za Ghuba, kitufe hukauka, hupasuka na kudondoka. Ncha ya swichi hupenya kwenye tundu lililobaki wazi, haipati wa kuibonyeza, na taa huwaka mchana na usiku ilhali swichi yenyewe ni nzima kabisa.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Shika pedali kwa mkono mmoja na uibonyeze ncha ya swichi kwa kidole cha mkono wa pili. Taa zikizimika, swichi ni nzima na kilichopotea ni kitufe. Zisipozimika, huenda vibati vya ndani vimegandana.

Hatua ya nne ni kuupima umeme. Unganisha kibanio cha testa kwenye chuma kitupu cha bodi, kisha iguse ncha yake kwenye nyaya za swichi, plagi ikiwa bado imechomekwa. Hapa tunazungumzia ile swichi ya kawaida yenye nyaya mbili. Waya mmoja sharti uwe na umeme wakati wote. Kama nyaya zote mbili hazina umeme, rudi kwenye fyuzi na njia iletayo umeme. Kama waya wa kwanza unao, kanyaga pedali na uguse wa pili. Umeme ukifika kwenye swichi lakini usitoke upande wa pili pedali ikiwa imekanyagwa, swichi imekufa. Ukitoka na taa bado haziwaki, tatizo liko mbele zaidi, yaani kwenye nyaya, soketi au ethi. Katika baadhi ya magari ya Marekani ambayo balbu moja hutumika kwa breki na kwa indiketa, umeme wa breki hupitia pia kwenye swichi ya indiketa iliyo kwenye usukani, na hapo napo pachunguzwe.

Kwa swichi yenye nyaya nne tahadhari inahitajika. Baadhi ya nyaya zake huenda moja kwa moja kwenye kompyuta, na testa ya balbu huvuta umeme mwingi kuliko inavyofaa kwa njia hizo. Tumia mita. Pia usiziunganishe nyaya kwa kubahatisha ili kuona kitakachotokea. Na uonapo plagi au nyaya za rangi ya manjano chini ya dashibodi, usiziguse hata kidogo, kwani kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa.

Hatua ya tano, kwa magari ya kisasa, ni kuisoma kompyuta. Namba ya hitilafu P0571 huashiria tatizo katika njia ya swichi ya breki inayohusiana na mtambo wa kushikilia mwendo, na P0504 huashiria kwamba zile njia mbili za swichi hazikubaliani. Namba hizo zinaonyesha mtaa, hazionyeshi nyumba. Huenda swichi ndiyo mbovu, au imelegea tu mahali pake, au waya umekatika. Vipimo vya hatua iliyotangulia ndivyo vinavyotoa hukumu.

Matengenezo

Ikiwa kilichopotea ni kitufe, nunua kingine kinacholingana na gari lako. Kilainishe kwa maji ya moto, kisha kisukume ndani ya tundu mpaka kishike vizuri upande wa pili. Wapo wanaoziba tundu kwa boliti yenye kichwa bapa na nati nyuma yake. Njia hiyo inaweza kukufikisha nyumbani, mradi boliti iwe imekazwa, lakini kitufe halisi kitafutwe mapema. Boliti ikilegea na kuangukia chini ya pedali, tatizo la taa litakuwa limegeuka kuwa tatizo la breki.

Ikiwa swichi ndiyo iliyokufa, zima gari na ukate waya hasi wa betri. Bonyeza kikamatio cha plagi na uichomoe bila ya kuvuta nyaya. Kuna swichi zinazoshikwa kwa nati, na hizo hufunguliwa kwa spana. Nyingine huzungushwa robo mzunguko zikatoka zenyewe. Linganisha mpya na kuukuu kabla ya kufunga: idadi ya pini, umbo la plagi, na urefu wa ncha. Swichi zinazofanana kwa sura si lazima zifanane kwa kazi.

Kwa swichi ya nati, irudishe mpaka mkono wa pedali uibonyeze ncha, huku ukiacha nafasi ndogo baina ya mwili wa swichi na kitufe. Kwa magari mengi nafasi hiyo ni milimita 1 au 2 hivi, ila kipimo halisi kimo katika kitabu cha matengenezo cha gari husika. Swichi nyingine hujirekebisha zenyewe mara moja tu zinapofungwa, na hutegemea pedali iwe mahali maalumu wakati huo. Soma maelekezo kabla ya kuigusa, kwani ukikosea huenda ukalazimika kununua nyingine.

Wasikilizaji wapenzi, hapa lipo kosa moja la kuepukwa kwa kila hali. Swichi ikisogezwa mbele kupita kiasi, mwili wake huikandamiza pedali na kuizuia isirudi juu kikamilifu. Hapo breki zitabaki zimeshika kidogo wakati wote, magurudumu yatapata moto, na hatimaye breki zinaweza kushindwa kabisa. Kwa hivyo, baada ya kufunga, hakikisha pedali inarudi yote na ina ule mchezo mdogo wa kawaida kabla haijaanza kushika.

Kisha rudisha waya wa betri na ufanye majaribio mahali ulipo. Taa ziwake pedali inapoguswa kidogo tu, na zizimike mara inapoachiwa. Gia ikatae kutoka kwenye P bila ya breki, na ikubali ukikanyaga. Kama kulikuwa na namba ya hitilafu, ifutwe, na taa ya onyo isirudi. Mtambo wa kushikilia mwendo ujaribiwe baadaye, kwenye barabara isiyo na msongamano.

Nini cha kufanya ukikwama njiani

Huenda tatizo likakukuta mbali na gereji. Gia ikikwama kwenye P, tazama kando ya mkono wa gia. Magari mengi yana kitobo chenye kifuniko kidogo, mara nyingi kimeandikwa maneno Shift Lock. Pandisha breki ya mkono kwanza, kanyaga breki, kisha bonyeza ndani ya kitobo hicho kwa ufunguo au bisibisi huku ukiusogeza mkono wa gia. Kwa magari ya kitufe, vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota vinaeleza kwamba fyuzi ya taa za breki ikiwa imeungua, injini inaweza kuwashwa kwa kukishikilia kitufe kwa sekunde 10 gari likiwa katika hali ya vifaa, ile ambayo redio hufanya kazi bila ya injini. Hiyo ni njia ya dharura tu.

Na ikumbukwe kwamba kulitoa gari mahali pake hakujaziwasha taa za breki. Ikiwa ni usiku, au njia yenyewe ni ya magari ya kasi, ni salama zaidi kuita gari la kuvuta. Ikiwa taa ndizo zilizogoma kuzimika, ichomoe fyuzi ya taa za breki utakapoegesha ili kuiokoa betri, na uirudishe kabla ya kuondoka.

Sheria inasemaje

Nje ya hatari ya ajali, kuna upande wa sheria. Nchini Uingereza gari binafsi huanza kukaguliwa kila mwaka likitimiza miaka 3, na katika Ireland ya Kaskazini miaka 4. Gari ambalo taa zake za breki haziwaki, au zinabaki zimewaka pedali ikiwa imeachiwa, haliwezi kufaulu ukaguzi huo.

Nchini Marekani kila jimbo lina sheria zake, lakini taa ya breki iliyozimika ni sababu inayojulikana sana ya polisi kulisimamisha gari. Kesi moja ya aina hiyo ilifika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Mwaka 2009, katika jimbo la North Carolina, polisi alilisimamisha gari kwa sababu taa moja ya breki haikuwaka, na upekuzi uliofuata ukafichua dawa za kulevya. Mahakama ya rufaa ya jimbo ilisema kwamba sheria ya huko ilihitaji taa moja tu, na kwa hivyo gari halikuwa na kosa. Hata hivyo, mwezi Disemba mwaka 2014, katika kesi ya Heien dhidi ya North Carolina, majaji wanane kwa mmoja waliamua kwamba kosa la polisi huyo katika kuielewa sheria lilikuwa la kueleweka, na kumsimamisha dereva kulikuwa halali. Kwa dereva wa kawaida, na hasa mgeni katika nchi ya watu, maana yake ni kwamba balbu moja inatosha kumfungulia mtu mazungumzo asiyoyataka kando ya barabara.

Kinga na tahadhari

Swichi hudumu zaidi isipobebeshwa mzigo usio wake. Taa za ziada za mapambo, taa za trela na ving'ora vinavyounganishwa kwenye waya wa taa za breki hulazimisha umeme mwingi kupita katika vile vibati vidogo, navyo huungua kabla ya wakati. Mizigo hiyo iunganishwe kupitia relei. Dawa za kung'arisha zenye silikoni zisipulizwe chini ya dashibodi, bali zipakwe kwa kitambaa. Na mara moja kwa mwezi, unapojaza upepo, chukua nusu dakika kuzitazama taa za nyuma huku mwenzako amekanyaga breki. Ukiwa nyuma ya gari lisilo na taa za breki, mwambie dereva wake mnapokutana kwenye taa za barabarani au kituo cha mafuta. Yeye mwenyewe hana namna ya kuziona akiwa kwenye usukani, na huenda safari nzima hakupata mtu wa kumwambia.